Choo Kinachosubiri Mgeni Rasmi

Wanawake wa soko lile walikuwa na elimu moja isiyofundishwa popote, nayo ni elimu ya kutokunywa. Mtu akitaka kukaa mezani tangu alfajiri mpaka jioni bila kuaibika, chai ya asubuhi ni nusu kikombe, maji ni ya kulowesha midomo tu, na tikiti hulitazami hata ukipewa bure. Soko lilikuwa na meza mia moja na ishirini, mizani, mlinzi, ubao wa matangazo, na kibanda cha kukusanyia ushuru kilichopakwa rangi upya kila mwaka. Choo halikuwa nacho. Aliyebanwa alikuwa na njia mbili: avuke barabara aende nyuma ya ghala la mbao, akiomba Mungu asitokee mtu, au aende mkahawa wa jirani, ambako choo ni cha wateja tu. Kwa hiyo unanunua soda ili uruhusiwe kwenda haja, unainywa kwa sababu umeshailipia, na baada ya saa moja soda hiyo hiyo inakurudisha ukanunue nyingine. Mwenye mkahawa alikuwa mcha Mungu, na jambo hilo aliliita baraka.

Meza ya kumi na nne ilikuwa ya muuza nyanya mmoja ambaye wote walimwita Mama Profesa. Profesa mwenyewe alikuwa binti yake wa pekee. Jina hilo alipachikwa akiwa darasa la tatu, siku aliyomsomea muuza viazi wa meza ya pili tangazo zima ubaoni bila kukwama, kisha akamgeukia mkusanya ushuru na kumwuliza kwa nini tangazo lina mihuri mitatu na habari moja. Soko liliangua kicheko, na kuanzia hapo mtoto akawa wa soko zima.

Alipomaliza sekondari na matokeo yakatoka mazuri, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Muuza viazi alitaka awe muuguzi, ili siku moja amhudumie bila foleni. Mlinzi wa soko alitaka awe hakimu, kwa sababu alikuwa na kesi na shemeji yake. Profesa aliwasikiliza wote akatabasamu, maana alikuwa ameshaamua. Mwaka huo huo alikuwa amemwona mama yake akirudi kutoka nyuma ya ghala huku anajichekesha, upindo wa sketi umelowa, akisimulia jinsi wapakiaji walivyotokea ghafla ikabidi ainuke kabla hajamaliza. Wenzake walicheka naye. Binti hakucheka. Aliona kwamba mama yake anacheka ili asilie, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Kwenye fomu ya chuo kikuu akaandika Menejimenti ya Umma, chaguo la kwanza mpaka la tatu.

Mjomba wake, fundi cherehani mwenye miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi mweusi, aliisoma ile fomu, akaigeuza na upande wa nyuma, akidhani pengine huko kuna maelezo.

"Sasa hii menejimenti ndiyo nini, mjomba?"

"Ni kusomea namna ya kuendesha ofisi za umma, mjomba, ili shida za watu zitatuliwe."

"Shida kama ipi?"

"Kama choo cha soko."

Fundi alishusha miwani yake. "Miaka mitatu kwa ajili ya choo? Mbona shimo linachimbwa kwa siku nne?"

"Kuchimba si tatizo. Tatizo ni mfumo."

"Haya, nenda. Ukiukuta huo mfumo, usalimie."

Chuo kilimpokea kwa maneno. Muhula wa kwanza alijifunza kwamba watu wakiwa wengi huitwa jamii, wakiitwa kikaoni huwa wadau, na wakikataa kutoka kikaoni kabla ya kujibiwa huwa changamoto. Choo nacho si choo, ni miundombinu ya usafi, na anayekihitaji haraka ni mnufaika wa moja kwa moja. Mhadhiri wa somo la Utoaji wa Huduma kwa Wakati alikuwa akifika dakika arobaini baada ya saa yake na kusingizia foleni ya magari, ilhali nyumba yake ilionekana kutoka dirisha la darasa. Mtihani wake ulikuwa na swali moja: taja sababu saba zinazochelewesha huduma. Profesa alitaja tisa, akapata alama zote.

Likizo alirudi na daftari lake. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kando ya meza ya kumi na nne, akamchorea mama yake mnyororo wa uwajibikaji: visanduku sita, mshale kutoka kila kisanduku kwenda kingine. Mama alisikiliza huku miguu imepishana na uso umekaza.

"Umependeza mchoro wako," akasema. "Na huu mshale wa mwisho unafika wapi?"

"Kwa mwananchi, mama."

"Basi uambie ukaze mwendo, mwananchi amebanwa." Akamwachia binti meza, akashika njia ya mkahawani kwa hatua fupi fupi.

Mwaka wa pili, bila msaada wa mshale wowote, choo kikajengwa. Milango minane, vigae vyeupe mpaka kifuani, tangi jeusi juu ya paa, na bomba ambalo ukilifungua linatoa maji kweli. Siku fundi rangi alipoondoa ngazi yake, muuza viazi alikuwa wa kwanza kujipanga mlangoni na wa kwanza kuliona kufuli. Lilikuwa kubwa kiasi cha ngumi ya mtu mzima. Wakaambiwa choo kimekamilika, ila uzinduzi bado. Uzinduzi ni lazima uwe na mgeni rasmi, mgeni rasmi ana ratiba, na ratiba yake haikuwa na choo. Ukapita mwezi, ikapita minne, mwaka ukakatika. Nyasi zikaota mlangoni, na mlinzi wa soko akapangiwa kazi ya kuzing'oa ili jengo lisionekane kama halitumiki.

Ndipo mwaka wa tatu Profesa akapangiwa wiki kumi za mafunzo kwa vitendo, na wapi? Katika ofisi ile ile ya mtaa iliyoshika ufunguo. Soko lilishangilia. Muuza viazi alikunywa chai kikombe kizima asubuhi ile, kwa imani tu, na kabla ya saa nne alikuwa ameshanunua soda mbili.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili na korido. Ukutani palikuwa na ubao wa maadili ya kazi, na neno Uharaka lilikuwa limebanduka nusu likingoja mtu wa kulipigilia. Juu ya meza ya Mkuu wa ofisi palikuwa na trei tatu: moja ya barua zilizoingia, ya pili ya zinazoshughulikiwa, na ya tatu ilikuwa na biskuti. Kabatini, ndani ya boksi lenye kitambaa chekundu, mlilala mkasi wa kukatia utepe, uliopakwa mafuta kila Ijumaa. Choo cha ofisi kilikuwa mwisho wa korido. Ufunguo wake ulining'inia msumarini, umefungiwa kibao kilichoandikwa WATUMISHI TU.

Mkuu alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti nyororo. Hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote maishani mwake. Alikuwa analipokea tu. Ukimletea malalamiko anakushukuru mpaka unatoka nje umefurahi, na ni ukifika nyumbani ndipo unagundua kuwa umerudi na shida yako vile vile ulivyokwenda nayo.

"Mkuu," Profesa alimwuliza siku ya kwanza, "kwa nini tusifungue choo watu watumie, na uzinduzi uje baadaye?"

Mkuu alimtazama kwa huruma. "Binti, kitu kilichotumika hakizinduliwi. Mgeni rasmi akate utepe wa choo ambacho watu wameshakiingia? Si tutakuwa tumemdhalilisha?"

"Lakini mwaka mzima, Mkuu."

"Swali zuri sana. Nimelipokea."

Wiki ile binti alitoka na hasira. Wiki ya pili alitoka na uchovu. Wiki ya tatu Mkuu alimpa barua ya kuandika, ya kumkumbusha mgeni rasmi, naye akaiandika vizuri kiasi kwamba Mkuu aliisoma mara mbili kwa sauti, akaita na karani kutoka chumba cha pili aje asikie. "Binti, una kalamu wewe," akasema. Hapo ndipo mtoto wa watu alipopotelea. Hakuna aliyemhonga wala kumtisha. Alisifiwa tu, na sifa zilimwingia kichwani. Wiki ya tano alikuwa anasimama sokoni na faili kifuani, anawaeleza wanawake waliomlea kwamba kitu kilichotumika hakizinduliwi, na kwamba wavute subira maana mchakato uko hatua nzuri.

Na choo cha korido? Siku za mwanzo alikuwa akiingia kwa aibu, anafunga mlango polepole, anawaza meza ya kumi na nne. Baadaye akawa anaingia na simu. Palikuwa na maji, sabuni na kioo, na mwisho mwisho alikuwa akiimba humo ndani.

Wiki ya nane mama yake alishikwa na homa na maumivu chini ya kitovu. Zahanati walimpima, muuguzi akamwambia kwa ukali kidogo kwamba amejibana miaka mingi mno, kibofu kimepata maambukizi, na akiendelea hivyo ugonjwa utapanda kwenye figo. Dawa atumie siku kumi, maji anywe kwa wingi, na akibanwa asijizuie hata dakika tano.

"Maji ninywe," mama alisema walipofika nyumbani, "halafu niyapeleke wapi?"

"Vumilia kidogo tu, mama. Tarehe imetoka. Ni Jumatatu ya wiki ijayo, safari hii hakuna kuahirisha."

 Mama alimeza vidonge kwa maji kiduchu.

Ijumaa, siku tatu kabla ya uzinduzi, vililetwa viti sitini vya plastiki pamoja na vitambaa vyeupe vya kuvifunika, na kimoja cha dhahabu cha kiti cha mgeni rasmi. Ofisini hapakuwa na nafasi, na nje wangeviiba. Profesa ndiye aliyepata jibu: vifungiwe ndani ya choo, pana kufuli na ni hatua chache kutoka uwanjani. Mkuu alimpa mkono kwa akili hiyo, na ufunguo akamkabidhi akae nao mpaka Jumatatu. Kwa hiyo choo cha soko, kabla hakijaingiwa na mtu hata mmoja, kiliingiwa na viti sitini.

Jumamosi ndiyo siku soko hujaa. Profesa alikuja na futi kamba kupima mahali pa hema. Alikuwa amevaa kitambulisho shingoni na ufunguo mkononi. Mama yake, aliyekuwa amemtii muuguzi na kunywa chupa nzima ya maji tangu asubuhi, alimwona kwa mbali, akaja amejishika kiuno.

"Mwanangu, nifungulie mara moja. Mkahawa umefunga leo, wana msiba."

Profesa alitazama huku na huku. "Mama, bado siku mbili tu."

"Siku mbili siwezi. Sasa hivi."

"Nikikufungulia wewe, soko zima litaingia. Nitamweleza nini Mkuu? Halafu ndani mna viti."

"Nitapita katikati ya viti."

"Mama, tafadhali. Usiniharibie. Kuna utaratibu."

Mama alimtazama kana kwamba anatafuta kitu usoni pale na hakioni. Kisha akageuka kuelekea barabarani, kwenye ghala la mbao. Hakufika. Alisimama katikati ya njia, baina ya meza ya vitunguu na mizani, wateja wamejaa kila upande, akainamisha kichwa. Sketi yake ililowa mpaka miguuni, na maji yakatiririka juu ya saruji.

Muuza viazi ndiye aliyepiga kelele, "Wanawake!" Hawakuulizana. Walivua mitandio na aproni zao, wakamzunguka wakiwa wamezinyoosha, mpaka pakawa kama chumba kisicho na paa na asionekane ndani. Profesa alibaki nje ya duara na futi kamba yake. Alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu azaliwe, na alistahili.

Alikimbia mlangoni. Aliangusha ufunguo mara mbili. Kufuli lilipofunguka alianza kuvuta viti na kuvitupa nje kimoja kimoja, vitambaa vyeupe vikaburuzika vumbini. Wanawake walimwongoza mwenzao ndani akajisafishe. Waliobaki waliona viti, wakavipanga mbele ya mlango, wakakaa kwa foleni. Muuza viazi alikalia kile chenye kitambaa cha dhahabu cha mgeni rasmi, akakunja nne, akasema kwa mara ya kwanza anaona faida ya serikali.

Mama alitoka amevaa sketi ya kuazima. Akampita binti yake kama anavyopita nguzo, akarudi kwenye nyanya zake na kuuza mpaka jioni. Nyumbani alipika, akapakua, akaweka sahani mezani. Neno hakusema, Jumamosi wala Jumapili.

Mkuu, alipopata habari, alifika mbio amelowa jasho. Profesa alijieleza kwamba ni majaribio ya miundombinu kabla ya matumizi. Mkuu akatafakari. "Majaribio," akasema, na uso ukamlainika, "majaribio yanaruhusiwa." Choo kikafanyiwa majaribio siku mbili mfululizo na wanawake mia moja na kitu.

Jumatatu mgeni rasmi hakuja. Alimtuma mwakilishi, na mwakilishi alipata udhuru akamtuma dereva wake pamoja na hotuba. Dereva alisoma vizuri tu. Alisema leo ni siku ya kihistoria na kwamba wanawake wa soko hili sasa watanyanyua vichwa. Akakata utepe kwa mkasi wenye mafuta, wakapiga makofi, wakapiga picha, akaondoka bila kuingia ndani. Ndipo Mkuu akamwita Profesa pembeni na kumkabidhi lile kufuli.

"Kafunge, kisha uniletee ufunguo."

"Si kimezinduliwa, Mkuu?"

"Kimezinduliwa. Hakijakabidhiwa. Makabidhiano yana barua yake na kamati yake." Akamshika bega kwa upole. "Nifanyie haraka, binti. Jioni hii ndiyo ninajaza alama zako za mafunzo, na nimepanga nikupe za juu."

Profesa alikwenda na kufuli mkononi. Mbele ya mlango alimkuta mama yake amesimama peke yake, na bahasha ya kaki.

"Shikamoo," akasema mama.

Binti alishtuka. Mama yake hajawahi kumwamkia hivyo. Si amkio la mzazi kwa mtoto. "Mama, unanifanya nini?"

"Jumamosi nilikosea. Nilikuja mikono mitupu." Akampa bahasha kwa mikono miwili. "Leo nimefuata utaratibu."

Ilikuwa barua, mwandiko wa mjomba aliyezoea kuandika vipimo vya viuno. *Kwa Ndugu Afisa. Yahusu: ombi la kwenda haja ndogo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara wa soko hili kwa miaka ishirini na miwili. Naomba kuruhusiwa kutumia choo mara tatu kwa siku, au mara mbili ikiwa tatu ni nyingi. Nimeambatanisha cheti cha zahanati. Naomba radhi kwa usumbufu nilioleta siku ya Jumamosi. Natanguliza shukrani.* Mwishoni palikuwa pameandikwa *Mama yako*. Maneno hayo yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake pameandikwa: *Muuza nyanya, meza ya kumi na nne*.

Profesa alisoma mpaka hapo. Alikaa chini pale kizingitini, na kitambulisho chake shingoni, akalia kwa sauti kama mtoto wa darasa la tatu. Mama hakumwinua. Alingoja, kama mtu anayengoja majibu ya barua.

Alipomaliza kulia aliinuka, akazunguka nyuma ya jengo penye tundu la kunyonyea majitaka, akafunua mfuniko, akatumbukiza kufuli pamoja na ufunguo wake. Vilishuka kwa muda mrefu kabla havijasikika. Akarudi mbele.

"Nimekujibu, mama."

Mama alimtazama, kisha akaitazama mikono yake. "Ingia ndani ukanawe," akasema. "Sabuni ipo."

Jioni ile Profesa alijaziwa alama za chini kabisa katika historia ya ofisi, pamoja na maoni kwamba ana uwezo ila hana subira. Choo kiko wazi mpaka leo, usiku na mchana. Kununua kufuli jingine kunahitaji barua inayoeleza lile la kwanza liliishia wapi, na hakuna mtu ofisini aliyekubali kuweka jina lake chini ya barua hiyo.